Saini ya Mzee Shomari

Nyie mnaokalia kile kiti changu kilichohamishiwa kwenu, kwanza msikiegemee. Mguu wake wa nyuma una ufa, nimeufunga kwa mpira wa baiskeli, na mwananchi akikukuta umeanguka chali kabla hata hujamsikiliza, heshima ya jimbo zima inakuwa imekwisha.

Mie naitwa Neema. Nina miaka thelathini na mbili, kwa hiyo mkinisikia nasema nimestaafu msicheke. Miaka tisa kwenye ofisi ya mbunge jimboni ni mingi, kaeni nyie kwanza halafu tuongee. Niliingia pale nimemaliza form four na kozi ya kompyuta ya miezi mitatu, nikawa karani: napokea watu, naandika kero zao, nachapa barua, napika chai. Halafu Bunge likavunjwa, jimbo likagawanywa, Mheshimiwa wetu hakurudi, na mie nikakabidhi funguo. Sasa nyie watatu mmeajiriwa kwenye ofisi ya jimbo jipya, wote mmetoka shule juzi, mmeniomba niwaandikie namna ya kufanya ile kazi. Haya, nimeyatoa madaftari yangu. Mie naandikaga kila siku, hata siku ambayo hakuna kitu naandika "leo hakuna kitu, joto." Jimbo silitaji jina, lipo huku nyuma ya Mbagala, na wenyewe mnajijua.

Nitawaambia mengi, lakini la maana ni moja: jinsi nilivyokaribia kuwapotezea watu paa la zahanati yao kwa sababu ya mstari mmoja ambao sikuuandika. Mengine yote mkisahau, hilo msisahau.

Kwanza mjue watu wanadhani mbunge ni nani. Mbunge kwao ni serikali, ni baba mdogo, ni polisi, ni mganga. Mama mmoja alinijia anataka Mheshimiwa aende Dodoma akaseme kuhusu jirani yake anayepiga muziki wa singeli mchana kutwa mpaka kuku wake hawatagi. Nikaandika kwenye daftari la kero: "Singeli. Kuku." Braza Deo, katibu wa Mheshimiwa, bosi wangu, mtu wa Moshi mrefu mpaka mlangoni anainama, akaisoma akaniangalia.

"Neema, na hii tunaipeleka bungeni?"

"Kasema nimwandike, braza."

"Na umemwandika."

"Nimemwandika. Kaondoka anacheka."

Braza Deo akafunga daftari. "Basi kazi umeifanya. Nusu yao wanataka kuandikwa tu."

Hilo mlishike. Mtu kapanda magari mawili kuja kwako, usimwambie kero yake ni ya kijinga. Mwandike. Shikamoo kwanza, pole ya safari, mpe kiti, ndiyo umuulize. Ukianza na "shida yako nini" utapata uongo, maana mtu wa Pwani hamwagi shida yake mlangoni.

Pili, ramani. Mie nilivyoanza nilibandika ramani ya jimbo ukutani, nikawa namwonyesha mtu kwa rula: mama, wewe unakaa hapa, huku siyo kwetu, nenda jimbo la jirani. Nilijiona msomi kweli. Siku moja akaja bibi mmoja na karatasi yake ya kuomba kisima, nikamwonyesha kwa rula, nikamwambia, "Hilo siyo la jimbo letu, bibi." Akaenda. Baada ya wiki mbili karudi na karatasi ileile, imekunjikakunjika, kule nako wamemwambia siyo lao. Braza Deo akamuuliza swali moja tu: "Bibi, mjumbe wako nani?" Bibi akamtaja mjumbe wake wa nyumba kumi, na mjumbe huyo tulikuwa tunamjua, alikuwa wetu kabisa. Rula yangu ilikuwa imeteleza.

Tangu siku hiyo ramani niliiacha kwa ajili ya wageni. Watu hawakai kwenye ramani, wanakaa kwa mjumbe. Muulize mjumbe wake nani, utajua jimbo lake, kata yake, na hata kama anasema kweli. Na lile neno, hilo siyo la jimbo letu, nililifuta mdomoni. Angalau nilidhani nimelifuta.

Sasa nije kwenye ishu yenyewe.

Kwenye kata iliyokuwa mwisho kabisa wa jimbo letu kulikuwa na boma la zahanati. Mnalijua wote sasa, ila mie nawaambia lilivyokuwa. Kiwanja alikitoa Mzee Shomari, fundi seremala, bure, akaandika kabisa. Wananchi wakafyatua tofali, wakachangishana nguvu, kuta zikapanda mpaka juu. Halafu likasimama. Miaka likakaa wazi, mbuzi wanalala chumba cha sindano. Mke wa Mzee Shomari, Bi. Mwajabu, mkunga mstaafu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi alikuwa anakuja ofisini kwetu kuuliza swali hilohilo.

"Paa langu liko wapi?"

Mpaka Mheshimiwa akaandika barua: mabati yatatoka mfuko wa jimbo. Bi. Mwajabu akaitia hiyo barua kwenye mfuko wa nailoni, akaifunga fundo. Mnaelewa hapo: mfuko wa jimbo ni fedha za jimbo hilo tu. Kata ikihama jimbo, barua ile inabaki karatasi.

Na ndiyo wakaja na habari ya kugawa jimbo. Watu wamekuwa wengi mno, jimbo moja haliwezi. Jimbo linakatwaga kwa kata, na ile kata ya zahanati ilikuwa mpakani: inaweza kubaki, inaweza kwenda. Manispaa ikataka maoni ya kila mtaa, muhtasari na mahudhurio. Mtendaji wa mtaa wenye lile boma alikuwa likizo ya uzazi, mwenyekiti wa mtaa akaniomba nikamsaidie kuandika. Nikaenda.

Siku hiyo ikanyesha mvua, ile ya kukufanya usione mtu upande wa pili wa barabara. Walikuja watu kumi na mmoja, na kati yao saba walikuwa wamejibanza tu mvua isiwapige. Mwenyekiti akauliza, jamani, twende jimbo jipya au tubaki? Wale saba wakasema twende, twende, maana walitaka mkutano uishe. Nikaandika: wakazi waliohudhuria wameafiki. Nikarudi ofisini, nimelowa mpaka daftari, na karatasi ya mahudhurio imekuwa uji.

Hapa ndipo kosa langu lilipo. Sikilizeni vizuri maana nyie nanyi mtalifanya.

Mnajua tunavyosainisha watu. Ukiingia mkutano wowote, karatasi inazunguka: namba, jina, simu, saini. Na juu? Juu pako wazi. Sie wote tunaacha juu wazi, tutaandika baadaye, mkutano unaitwaje tutajaza ofisini. Kwenye droo yangu nilikuwa na karatasi safi ya mtaa uleule, watu arobaini na saba, saini zimekaa vizuri, juu hamna kitu. Ilikuwa ya siku ya kugawa vyandarua, zaidi ya nusu mwaka nyuma. Nikasema, watu si walewale? Mtaa si uleule? Mahudhurio ni mahudhurio. Nikaandika juu: "Mahudhurio ya Mkutano wa Maoni ya Kugawa Jimbo." Nikaambatanisha, nikapeleka manispaa, na nakala nikabandika ubao wa serikali ya mtaa kama utaratibu unavyotaka. Kwenye daftari langu la siku hiyo nimeandika: "Leo nimemaliza kazi ya wiki kwa siku moja." Nikiusoma huo mstari hadi leo naona aibu.

Jumatatu iliyofuata, saa tatu asubuhi, benchi lina watu wanane, Bi. Mwajabu akaingia. Watu wenyewe wakampisha, nusu yao aliwazalisha mama zao. Alikuwa hajaonekana muda mrefu kwa sababu Mzee Shomari alifariki, na yeye alikuwa eda.

"Shikamoo, Bi. Mwajabu. Pole sana. Umetoka eda lini?"

"Marahaba. Nimetoka Ijumaa. Nimekuja kuuliza habari za mume wangu."

Nikadhani sijasikia. "Habari za Mzee Shomari?"

"Kwani nina mume mwingine? Au na huyo mwingine mmeshamwandika?" Akatoa simu, mjukuu wake alikuwa kapiga picha ubao wa mtaa. Akaniwekea mezani. "Namba ishirini na tatu. Jina lake. Saini yake hiyo, ile ya kujikunja kama jongoo. Mkutano wa mwezi huu. Sasa mie nakuuliza wewe uliyekuwepo, alikaa upande gani?"

Nikaivuta ile simu karibu, nikaitazama ile saini.

"Maana nimekaa ndani miezi minne na siku kumi namlilia mtu, kumbe mwenzangu anahudhuria mikutano. Alisemaje? Kakubali twende? Mlimpa soda?"

Benchi zima likaangua kicheko. Kuna mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Ningeweza kusema ni mwenyekiti wa mtaa. Ningeweza kusema kompyuta. Mkae mkijua, kwenye ile kazi kompyuta inasingiziwaga sana. Lakini yule mama alikuwa ananiangalia, na macho yake yalikuwa hayacheki.

"Ni mie, Bi. Mwajabu. Ile karatasi ni ya siku ya vyandarua. Nimeiandika juu mie mwenyewe."

Kicheko kikakatika.

"Vyandarua," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mume wangu kasaini chandarua, wewe ukamgawia jimbo." Akachukua simu yake. "Na mimi niko namba ishirini na nne, chini yake. Na mimi nimekubali kwenda?"

"Ndivyo inavyosomeka."

"Na paa langu?"

Hapo ndipo nikajua hasa nimefanya nini. Mie nilikuwa nawaza aibu, yeye alikuwa anawaza mabati.

Braza Deo nilipomwambia alijaribu kunituliza. Hakuwa mtu mbaya. "Neema, tulia. Ripoti imeshaenda. Nani anasomaga mahudhurio?"

"Bi. Mwajabu kasoma."

Nikapanda gari kwenda manispaa, nikamkuta afisa anayekusanya yale maoni, nikamweleza yote bila kupunguza. Akanisikiliza huku anakula karanga. Akasema ripoti inaondoka Ijumaa saa sita. Nikileta karatasi ya kweli kabla ya hapo ataibadilisha, nisipoleta iliyopo inaenda. Siku nne.

Nikamrudia Bi. Mwajabu nyumbani. Nilishapanga maneno: tunaita mkutano mpya, watu wanasaini kwamba wanataka kata ibaki, mabati yanabaki. Nilikuwa na karatasi mpya, juu nimeshaandika kabisa, kwa herufi kubwa: "Sisi wakazi tunakataa kwenda jimbo jipya." Nikajiona nimetubu.

Akaisoma. Akanirudishia.

"Nani kakwambia nakataa?"

"Bi. Mwajabu, kata ikienda, ile ahadi inakufa."

"Na ikibaki, Mheshimiwa wako akaanguka uchaguzi, haifi?"

Nikaanza kuikunja karatasi yangu.

"Mwanangu, mie nimezalisha watu chini ya wabunge sijui wangapi. Sijawahi kuona mtoto anauliza jimbo ndiyo atoke. Jimbo ni lenu nyie na Mheshimiwa. Mie nadai bati. Andika hivi." Akasimama, akawa ananisomea kama anatoa dawa: "Sisi tulioweka saini hapa hatukuhudhuria mkutano ule wa kugawa jimbo, saini zetu zilikuwa za vyandarua. Tuwekwe jimbo lolote watakalotuweka, tunadai zahanati yetu iezekwe, na mbunge wa jimbo hilo ndiye tutakayemdai."

"Hiyo siyo maoni ya kugawa jimbo, Bi. Mwajabu. Hawatajua waiweke faili gani."

"Watajua. Watu wakiona karatasi haiingii faili lolote, wanaisoma."

Nilikuwa na hasira, nawaambia ukweli. Nilikuwa na siku nne na huyu mama ananibadilishia karatasi. Lakini kosa lilikuwa langu, na mwenye kosa hachagui maneno. Nikaandika.

Na akanipa sharti: hakuna mtu anasaini kabla hajasoma juu. Asiyejua kusoma anasomewa. Wote, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba.

Mnajua kumsomea mtu mistari mitatu mara arobaini kunachukua muda gani? Mie ni mtu wa haraka. Na kila nyumba lazima nianze na kuungama. Shikamoo, naitwa Neema wa ofisi ya mbunge, ile saini yako ya chandarua niliitumia pasipo ruhusa, nimekuja kuomba radhi na kuomba saini nyingine. Wengine walinifungia mlango. Kijana mmoja fundi pikipiki akaniambia, "Sista, mie na kalamu yenu tumeachana." Ami Nassor, mwenye duka la vifaa pale kona, familia yao ipo pale tangu wazee wake, aliniangalia juu ya miwani.

"Kalamu yako wewe binti ina miguu. Nikisaini hapa, kesho nitasikia nimeoa Kigamboni."

"Soma juu kwanza, Ami."

"Nimesoma."

"Soma tena, kwa sauti."

Akasoma kwa sauti, wateja wanasikia. Alipofika "jimbo lolote watakalotuweka" akasimama, akamtazama Bi. Mwajabu aliyekuwa kasimama mlangoni na mwavuli.

"Haya maneno ya Mwajabu."

"Kwani yana kasoro?" Bi. Mwajabu akamjibu.

"Hayana. Yana meno." Akasaini. Wateja wawili wakaomba nao, nikawauliza mjumbe wenu nani, wakawa wa mtaa uleule, na majina yao yapo kwenye ile karatasi ya vyandarua, nikawasomea, wakasaini.

Nilijifunza kitu hapo ambacho sikufundishwa kozi yoyote. Mtu akisoma juu ndiyo anasaini, saini yake inakuwa nyingine. Anakaza kalamu. Anaandika jina lote. Ile karatasi ya vyandarua saini zilikuwa zimelala, hii zilikuwa zimesimama.

Alhamisi jioni tulikuwa tumewapata wote, hata wale walionikatalia mwanzoni, isipokuwa wawili waliohama. Na namba ishirini na tatu. Bi. Mwajabu alisema namba hiyo niruke, niache mstari mtupu.

Ijumaa saa nne nilikuwa masjala ya manispaa. Na hapa ndugu zangu mnisikilize tena: peleka nakala mbili siku zote. Moja yao, moja yako. Yako igongwe muhuri wa "imepokelewa," tarehe, na jina la aliyepokea. Dada wa masjala aliniambia hamna haja, wataniamini tu. Nikamwambia nasubiri. Akaenda kunywa chai. Nikasubiri. Akarudi, akaongea na simu, nikasubiri. Mwisho akaugonga ule muhuri kama anaua mende. Nilimpelekea Bi. Mwajabu, akaitia kwenye mfuko wake wa nailoni, pamoja na ile barua ya ahadi, akafunga fundo.

Mngependa niwaambie tulishinda. Hatukushinda. Miezi ikapita, majimbo yakatangazwa, ile kata ikaenda jimbo jipya. Watu ni wengi, hesabu zimegoma, saini zetu hazikubadilisha mpaka hata hatua moja. Nilitupa rula ukutani. Nikaenda kwa Bi. Mwajabu nimevimba macho, nikamkuta anapepeta mchele.

"Tumehamishwa," nikamwambia.

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Sasa tumpate huyo mpya."

Uchaguzi ukapita. Wetu hakurudi, nikafunga ofisi. Na asubuhi moja Bi. Mwajabu akanipigia: vaa, twende. Tukaenda ofisi ya jimbo jipya, hiyo yenu. Nikakaa kwenye benchi. Miaka tisa sijawahi kukaa upande ule wa meza. Benchi linaumiza, muwatafutie watu benchi lenye mgongo. Kutoka pale meza ya karani inaonekana ndefu sana.

Mezani alikuwepo mmoja wenu. Simtaji, ila alikuwa na miwani, na alikuwa kabandika ramani mpya ukutani, inang'aa. Bi. Mwajabu akamweleza habari ya zahanati. Yule kijana akamsikiliza kwa adabu, shikamoo alitoa, sitamnyima haki yake. Halafu akasema:

"Bibi, hiyo ahadi ni ya mbunge wa zamani. Hilo siyo la jimbo letu."

Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine. Nikataka kuinuka. Bi. Mwajabu akanishika goti, nikakaa. Akaanza kufungua fundo la mfuko wa nailoni, polepole, kama mtu mwenye siku nzima. Akaacha ile barua ya ahadi ndani. Akatoa karatasi ya saini, akaigeuza imtazame kijana.

"Soma juu, baba."

Kijana akasoma kimyakimya.

"Kwa sauti. Hawa kwenye benchi nao wananchi."

Akasoma kwa sauti. Alipofika "mbunge wa jimbo hilo ndiye tutakayemdai" akapunguza sauti. Akaangalia muhuri. Akaangalia tarehe, ya kabla ya jimbo lake kuzaliwa. Akageuka kuangalia ramani yake, kama vile ingemsaidia.

"Mjumbe wenu nani?" nikasema kutoka kwenye benchi. Sikuweza kujizuia.

"Eh?"

"Muulize mjumbe wake nani. Halafu fungua daftari, umwandike."

Akafungua daftari. Akamwandika. Na wakati wote anaandika, Bi. Mwajabu alikuwa kainama juu ya meza kuhakikisha kila neno.

Haikuwa siku moja, msidanganyike. Tulirudi Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, na karatasi ileile. Mheshimiwa mpya alipokuja jimboni tulikuwa kwenye benchi. Alipokuja tena tulikuwa kwenye benchi. Mara ya tatu alicheka mwenyewe kabla hatujafungua mfuko, akasema, "Paa lenu nalijua kwa moyo." Bi. Mwajabu akamwambia moyo hauzuii mvua.

Mabati yakaja.

Siku ya kuezeka mlikuwepo nyie watatu, lakini nilipokuwa nimesimama mie wawili wenu hamkuwa mnaona. Mafundi wako juu, bati la kwanza linapigwa misumari, mtaa mzima umekuja, kina mama wana sufuria za pilau, na mbuzi wale wanaangalia kwa mbali kama wapangaji waliotolewa vyombo. Ikaja karatasi ya mahudhurio, inazunguka. Ilipofika kwetu nikaiangalia. Namba, jina, simu, saini. Juu hamna kitu.

Nikainua kalamu, nikaizuia hapohapo. Foleni nyuma ikaanza kelele.

"We Neema, saini tusonge! Pilau inapoa!"

"Hujui jina lako?"

Bi. Mwajabu akachukua ile karatasi mkononi mwangu. Akamwita yule kijana wa miwani kwa kidole. Kijana akaja mbio, akaona, akajua. Akaweka karatasi juu ya goti lake, akaandika juu, vizuri, bila kuharakisha: siku ya kuezeka zahanati, mtaa gani, kata gani, jimbo gani. Bi. Mwajabu akasoma mpaka mwisho, midomo inacheza. Akasaini, jina lote.

Halafu akatazama juu, kule bati lilipokuwa linang'aa, kwenye kiwanja cha mumewe.

"Leo Mzee Shomari angesaini," akasema.

Kijana, kwa huruma yake, akashusha kalamu kwenye mstari unaofuata.

Bi. Mwajabu akamshika mkono. "Lakini msimwandike."